Supu ya Malenge kwa Mtu Asiye na Meno

Julai ile baridi ya mtaa wetu wa Buruburu ilikuwa imeingia hadi kwenye blanketi, na baba alikuwa ameng'olewa meno yote yaliyobaki. Daktari alisema tungoje fizi zipone ndipo atengenezewe meno ya bandia. Baba akarudi nyumbani, akaketi na koti lake, akagoma kula.

Huyu ni mtu aliyetumikia reli mpaka akastaafu, mtu wa magharibi mwa nchi ambaye kwake chakula ni ugali na mengine ni mzaha. Uji aliusukuma, akisema ni wa watoto. Viazi vya kupondwa aliviita chakula cha wagonjwa, na yeye hakuwa mgonjwa, alikuwa hana meno tu. Siku ya tano nikaona suruali imempwaya, ameifunga kwa tai. Niliogopa. Mama nilikuwa nimeshamzika, na sikuwa tayari kurudia safari ile.

Mama mboga wa getini ndiye aliyenipa wazo la malenge. Nilinunua lenge zima, gumu kama kichwa cha baba mwenyewe, nikalipasua kwa panga kwa sababu kisu kilinishinda. Nikakaanga vitunguu, saumu na tangawizi, nikatia vipande na maji, nikachemsha mpaka vikalainika kabisa. Nikasaga kwa blenda, nikarudisha motoni na maziwa kidogo. Nilipoonja, nilijipigia makofi.

Kisha nikakosea. Nilimpelekea kwenye bakuli, na kijiko, na taulo ndogo ya kumfunika kifuani asichafue koti. Alilitazama bakuli, akaitazama taulo.

"Mama," akasema, maana nina jina la mamake na hajawahi kuniita vingine, "kwetu lenge linaliwa na chai. Na mimi sijarudi kuwa mtoto."

Nilirudi jikoni nimefura, nikamsema kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni. Katikati ya kelele zangu nikakumbuka Jumamosi za zamani, aliponibeba kwenda bucha. Wanaume hawakuketi pale. Walisimama kaunta wakingoja nyama ichomeke, kila mmoja na kikombe cha bati cha supu ya mifupa, wakijitilia chumvi wenyewe na kubishana kuhusu mpira. Hakuna aliyefungwa taulo.

Nikaongeza maji supu ile inyweke, nikaimimina kwenye vikombe viwili vya bati, nikanyunyizia majani ya dania. Nikaviweka juu ya kabati la sebuleni, pamoja na kisahani cha chumvi na pilipili. Sikumkaribisha. Nilichukua changu, nikasimama pale nikanywa.

Alivumilia kama dakika mbili. Halafu nikasikia kiti kinalia. Baba akaja, akajitilia chumvi, pilipili akaitazama kwa huzuni akaiacha, akanywa. Akaegemeza kiwiko kwenye kabati, akanywa tena.

"Hii ni ya mfupa gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni lenge lilelile alilolikataa. Nikajiandaa kwa vita.

Akachungulia ndani ya kikombe, akapangusa masharubu, akaninyooshea. "Ongeza. Na hiyo dania upunguze, mimi si mbuzi."

Nilimwongezea mara tatu. Nilikuwa nimemshinda, jamani, na kwa furaha niliyokuwa nayo niliimba nikiosha sufuria. Kabla sijamaliza alikuwa ameshawapigia simu wenzake wa reli waje Jumamosi, akaja jikoni kuniagiza malenge mawili makubwa, na viti vyote niviondoe sebuleni.