Ushuhuda wa Bi Mwanaamina

Mguu wa kushoto wa Bi Mwanaamina ulianza kumsumbua akirudi kutoka shamba lake la mihogo, Kisarawe. Akitembea kidogo shavu la mguu linakaza, akipumzika linaachia. Mkwe wake, Latifu, aliuza pakiti za unga alioita seli shina.

"Mama, hizi zinaotesha mishipa mipya ya damu," alimwambia.

Alikunywa. Mwanzoni maumivu yalipungua, naye kwa furaha akasimama kwenye mkutano wa wauzaji Mlandizi, akatembea mbele ya watu huku akichukuliwa video. Video ikasambaa. Wagonjwa wakampigia simu kutoka Soga hadi Mzenga. Biashara ya Latifu ikachanganya, na mkewe Raudha, bintiye Bi Mwanaamina, akapumua katika ndoa iliyokuwa ikiyumba kwa ukata.

Masika vidole viwili vya mguu huo vikawa baridi, kisha vikawa vyeusi. Bi Mwanaamina akavaa soksi hata jikoni. Akisema, nyumba ya mwanawe inatikisika. Akinyamaza, mguu unaoza.

Akaaga kwamba anakwenda msibani, akaenda hospitali Kibaha.

"Mama, mshipa mkubwa umeziba," daktari alisema. "Tiba ya seli shina kweli inajaribiwa. Zinatolewa kwenye uboho, ndani ya mifupa ya mgonjwa, zinachomwa mguuni, na bado utafiti unaendelea. Hazinywewi kwa kijiko."

"Na vidole?"

"Vimekufa. Tukichelewa, tutakata juu zaidi."

Aliomba kwanza akazungumze na Raudha na mumewe. Nyumbani kwake akamkuta Latifu, aliyekuja na Raudha na mgeni, Kudra, fundi cherehani mwenye kidonda cha kisigino kisichopona.

"Shikamoo, bibi. Nilikuona kwenye simu. Nataka nisikie kwako mwenyewe, ndiyo nianze dawa."

Bi Mwanaamina alivuta kiti. Alikaa, akavua soksi. Harufu ikajaa barazani.

"Mimi haikunisaidia, mwanangu. Nenda hospitali."

Kudra alimgeukia Latifu.

"Mama alikatisha dozi," Latifu akasema upesi. "Hayo ndiyo matokeo yake."

"Sijakatisha hata siku moja!"

Lakini Kudra alishafungua mkoba, anauliza aanze na pakiti ngapi.

Raudha, aliyesikia yote akiwa mlangoni, ndiye aliyempeleka mama yake Kibaha kesho yake. Kukata vidole hakukutosha. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Sasa Bi Mwanaamina anaishi kwa Latifu, chumba cha nyuma, maana kwa magongo halimi tena. Wanunuzi wanapofika, Latifu huja kwanza kumrudishia mlango, kwa adabu, akimwambia apumzike. Kutoka kitandani anawasikia wakieleza miguu yao.