Picha Iliyofuliwa kwa Magadi

Ndinda hutoa picha bila kamera. Watu wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale walichukua muda kulikubali hilo, na wako ambao mpaka leo wamwona kama mtu wa kutia nguo rangi. Lakini kazi yake nimeitazama miaka miwili, naijua. Ana unga wa aina mbili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu. Huuchanganya na maji, akapaka kitambaa ndani ya chumba alichoziba madirisha. Kikikauka hukitoa, akakilaza juani na kuweka vitu juu yake, jani au kamba ya asmini au chochote. Jua likishapiga vya kutosha, hukiosha. Hapo ndipo utazame. Palipopigwa na jua pawa buluu ya wino, palipofunikwa pabaki peupe, na jani utalitambua mpaka mishipa yake.

Asili yake ni babake, Mzee Mutunga, aliyekuwa akinakili michoro ya meli katika karakana moja huko Mbaraki. Nyumbani kwao Tononoka kulikuwa na makaratasi makubwa ya buluu yenye mistari myeupe. Ndinda wakati huo alikuwa kwenye duka la fotokopi, Makupa. Siku moja akamuuliza mzee yale makaratasi yalitokaje. Mzee akamwambia kuwa wakubwa wake wa zamani waliyatoa kwa jua na maji, basi. Mwezi haukuisha, Ndinda akaacha fotokopi. Mamake alilia kama amefiwa.

Kule Tononoka uwanja wa ploti ni wa kila mtu. Ukilaza kitambaa, kuku apita, na mtoto naye apita nyuma ya kuku. Huku kwetu nako jua halifiki chini, vichochoro ni vyembamba. Jua liko darini, juu kabisa ya nyumba, palipo wazi. Ndiyo maana Ndinda akaja kwa bibi yangu, Bi Intisar, akapanga chumba cha juu pamoja na dari yake. Bila ile dari hana kazi.

Sasa ami Faraj, mtoto wa kiume wa bibi, akapata wazo la kufungua mkahawa wa watalii pale pale darini. Alimwingia bibi kila siku na habari za viti na miavuli. Bibi alifikiri wiki nzima, halafu akamwita Ndinda, mbele yetu sote.

"Mwanangu," akasema, "miaka miwili nakaa na weye sijaona ila madoa. Ngazi ina doa, shuka zangu zina doa, hata paka ana doa. Jumapili baada ya alasiri nionyeshe kazi moja ya maana. Nikiiona, dari yako. Nisipoiona, Faraj alete fundi."

"Sawa, Bi Intisar," Ndinda akajibu. Hakuomba siku zaidi.

Alinunua pande la kitambaa cha marekani, refu kuliko kitanda. Ijumaa akalilaza darini na kupanga juu yake vyombo vya jikoni, kipepeo cha kupepea makaa, uteo wa kupepetea mchele, kifumbu cha kuchujia tui, na katikati yake asmini. Jumamosi picha ilikuwa imetoka buluu, safi. Akaikunja mara nne, upande wa nyuma ukawa nje, akaiacha kwenye kamba. Jumapili asubuhi akaenda zake kanisani.

Bibi alipanda kufua leso. Miwani yake ilikuwa chini. Akaona kitambaa kimetapakaa mabaka.

"Masikini mtoto wa watu," akasema, "hata wakati wa kufua hana."

Akakitumbukiza kwenye karai pamoja na leso zake, akakitia magadi ya kufulia, akakisugua kwa mikono yake miwili, na jinsi anavyosugua bibi, hata rangi ya ukuta hutoka.

Ndinda aliporudi bibi alimpokea ngazini, uso umemkunjuka. "Nimekufulia kitambaa chako kile. Kilikuwa na doa baya sana, lakini nimelikomesha!"

Niliuona mkono wa Ndinda ukishika ukuta. "Ahsante sana, Bi Intisar," akasema, akapanda.

Kitambaa kilikuwa cha manjano. Buluu hakuna, kifumbu hakuna, asmini hakuna. Na ami Faraj hakungoja hata alasiri, alikuwa keshafika na fundi Bonface na tepu ya kupimia.

"Da Ndinda, ndiyo hiyo kazi ya maana?" akauliza. "Mbona kama shuka la mwenye homa ya manjano?"

Bonface akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akaendelea kupima.

Ndinda alikinyanyua kitambaa akakielekeza juani, akakitazama kwa karibu sana, pua karibu iguse. Palikuwa na manjano iliyokolea na manjano iliyopauka, na mpaka kati yake.

"Haijatoka," akasema peke yake. "Imelala."

Wakati akijifunza, karatasi moja iliwahi kumharibikia kwa sabuni, na kikombe cha chai kikaimwagikia. Pale chai ilipofika pakawa peusi. Siku ile aliitupa tu. Sasa akashuka ngazi mbili mbili mpaka jikoni.

"Bi Intisar, naomba majani ya chai. Yote."

"Yote? Una wageni wangapi?"

"Mmoja. Ni wewe."

"Haya. Sukari kiasi gani?"

"Bila sukari. Wala maziwa, wala tangawizi."

Bibi akashika kiuno. "Mgeni ni mimi, na chai yenyewe ndiyo hiyo! Nimekukosea nini?"

Lakini alimpa mkebe mzima. Ndinda akaichemsha mpaka ikawa nyeusi, akaiacha ipoe. Kitambaa akakisuuza maji matatu kuondoa magadi. Adhana ya alasiri ikaita. Bibi akaswali bila haraka, akavaa miwani, akapanda ngazi zote na kukaa kwenye kiti. Ndinda akamimina chai kwenye karai, akakizamisha kitambaa.

Hakikufanya kitu. Ndinda alikigeuza polepole, jasho lamtoka.

"Yaiva?" ami Faraj akauliza. "Tulete na mahamri?"

Bonface ndiye aliyeona kwanza. Aliinama, tepu mkononi. "Bosi, kuna kitu humu."

Kilianzia pembeni, kama moshi. Halafu nyeusi ikajaa, nyeusi ya piko ile wachorwayo maharusi mikononi, na vyombo vikabaki vyeupe vyenye wekundu wa chai kidogo. Ukaja uteo na msuko wake wote, ukili kwa ukili. Kikaja kipepeo, asmini, kisha kifumbu na ukingo wake uliotatuka. Ndinda akakinyanyua chote, chai yachuruzika mpaka viwikoni. Buluu ile ya Jumamosi haikuwa nzuri hivi.

Bibi alisimama. "Hiki kifumbu changu! Tangu Ijumaa nachuja tui kwa leso!" Halafu akakishika kitambaa ncha. "Ngoja. Ndicho hiki nilichokufulia?"

"Ndicho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Bi Intisar? Ulinifanyia wema."

Bibi akaufuata kwa kidole ukingo wa kifumbu pale ulipotatuka.

"Mama," ami Faraj akasema, "ni vyombo vya jikoni tu kwenye shuka."

"Ni jiko langu," bibi akamjibu, "na wala sijawahi kuliona. Bonface, mwanangu, kunja tepu yako. Dari ina mwenyewe."

Ndinda akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akakibeba kitambaa kibichi, akakiteremsha ukutani upande wa kichochoroni, kikaning'inia mpaka karibu na mlango wa chini. Watu wakasimama. Lamis wa nyumba ya pili akatokeza dirishani, akakitazama juu mpaka chini, akapiga kigelegele. Dirisha lingine likaitika, na lingine.

"Ndinda!" Lamis akaita. "Mimi nina mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mamangu. Jua lako laipenda?"

"Ilete kesho asubuhi!" Ndinda akajibu kutoka juu.

Asubuhi ya pili yake ngazini kulikuwa na wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na chombo chake.