Mashitaka Yangu kwa Metre

Mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko wangu. Kiswahili nilikisoma shule ya msingi tu, tena huandika polepole. Hadi leo nikinusa makoti yaliyolowa theluji, narudi Bredäng, mtaa tuliohamia ughaibuni, majira yetu ya baridi ya kwanza. Kila Jumamosi makoti ya wageni yalijaa ukumbini, na harufu yake ilichanganyika na ya sombe, yaani kisamvu, jikoni. Baba alikuwa wakili katika mji mdogo Kongo, na ndiye aliyeongoza kamati iliyoleta mabomba ya maji pale. Huku alisafisha ofisi Sundbyberg, lakini watu wetu waliendelea kumwita Metre, kama mawakili wanavyoitwa kwetu, na kumletea ugomvi wao. Mama alikuwa kazini hotelini. Mimi nilipeleka chai, nikarudi chumbani kusikiliza ukutani.

Jumamosi moja walikuja wanawake wawili waliogombania sufuria ya harusi. “Metre, amenirudishia imeungua kama roho yake!” alilia mmoja. Baba hakumkatiza mtu. Aliuliza, akangoja, akauliza tena, mpaka wakacheka na kuondoka wameshikana mikono. Mimi shuleni sikuwa na rafiki, na nyumbani hakuna aliyejua. Kinyozi hajinyoi, wanasema wazee. Basi nikaketi kwenye kiti cha washitaki.

“Papa, na miye niko na mashitaka.”

Alitabasamu. “Karibu, mteja. Unamshitaki nani?”

“Wewe. Unawasikiliza watu wote. Miye hujaniuliza shuleni nakula na nani.”

Tabasamu likaisha. “Unakula na nani, mama?”

“Peke yangu.”

Simu yake ikaita. Aliitazama, akaifunika kwa mkono mpaka ikanyamaza, kisha akasema, “Anza mwanzo.” Nilizungumza hadi chai ikapoa. Hakunipa ushauri wowote. Jumamosi iliyofuata makoti yalirudi, na zamu yangu haikufika tena. Nami niliona haya kuidai.

Sasa naishi Farsta, chumba kimoja, na ukumbini kuna koti langu tu. Baba ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, nami najivunia. Hapa majirani tukikutana kwenye lifti tunatazama sakafu. Zamani nilidhani nyumba yenye watu wengi ndiyo inayomnyima mtoto nafasi. Siku hizi ningewapikia chai wote wale, na sufuria zao zilizoungua. Wewe unayesoma, kama unajua upweke wa aina hii, niandikie, hata mistari miwili. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.