Manyoya ya Mbwa Aliyeniuma

Saluni ya jirani ikiunguza nywele za mtu, nakumbuka mguu wangu. Niliumwa na mbwa, kidonda kikatunga usaha, mguu ukavimba kushinda maboga yote ya Singida. Mama alitaka hospitali, bibi akataka majivu ya manyoya ya mbwa huyohuyo. Akavaa koti lake la mitumba, akaenda kuyanyofoa mwenyewe. Akarudi nayo, naye kaumwa. Akayachoma, akatupaka wote wawili, lakini usaha wangu ukazidi.

"Mkwe wangu, tupeleke hospitali," akamwambia mama bila aibu. "Wagonjwa tumekuwa wawili."

Kule niliiona sindano, nikalia hadi Manyoni wakasikia. Bibi akatangulia kudungwa, hakupepesa jicho.

"Haya, mume wangu," akaniambia, "usiniaibishe mbele ya watu."

Nikanyamaza, nikatoa mkono kama mwanaume mwenye mke.