Mkalimani wa Bibi wa Magu

Mama Getruda ndiye aliyelianzisha, pale bombani Mabatini, akiwa ameigeuza ndoo yake na kuikalia kama mwenyekiti wa kikao. Alisema binti wa Mzee Masele amedisko chuo, amefeli na kurudishwa nyumbani. Angekuwa bado anasoma, asingekuwa anazunguka mitaani na yule mama wa Kihaya mwenye miwani kutoka Dar es Salaam, wakiwauliza watu mambo ya ndani ya nyumba zao. Tena elimu yenyewe anayosomea ni ya vichaa. Ukishamjibu maswali yake, jina lako linakwenda Dar, na siku ukigombana na mumeo kidogo tu, wanakuja kukuchukua.

"Mimi alinifuata juzi," akasema. "Akaniuliza kama huwa napata huzuni bila sababu. Nikamwambia, mwanangu, sababu ninazo, tena za kutosha, chagua mwenyewe."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaiacha ndoo yake ikafurika. Sabina naye alicheka, kisha akainama kujifunga kanga upya ili asionekane uso. Alikuwa mpangaji wa huyo huyo Mzee Masele, chumba cha uani, na Bernadeta aliyekuwa akisemwa ndiye aliyembebea mtoto wake Chenge kila alipokuwa na nguo za kufua.

Ukweli ni kwamba Bernadeta hakuwa amedisko. Alikuwa mwaka wa tatu Mlimani, na yule mama wa miwani, Mwalimu Paskazia, alikuwa mwalimu wake wa saikolojia. Katika darasa zima Mwalimu alikuwa amemchagua yeye aje naye Mwanza wakati wa likizo, amfundishe utafiti kwa vitendo. Walikuwa wakiwatafuta bibi wazee waliosingiziwa uchawi wakafukuzwa kwao, wapate kujua hofu inakaaje ndani ya mtu wa namna hiyo, analalaje, anamwamini nani. Mwalimu alikuwa na maswali yake lakini Kisukuma hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Bernadeta ndiye aliyekuwa ulimi wake. Jioni, wakimenya viazi uani, alimweleza Sabina namna alivyofundishwa: mkalimani haongezi chake, hapunguzi, hata kama maneno yanamchoma. Alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani.

Sabina alikuwa ameishia darasa la saba, na alipenda kumsikiliza. Ndiyo maana alipoombwa awapeleke Usagara hakukataa. Jirani na nyumba ya mama yake kule alikuwa akiishi bibi mmoja peke yake, ambaye watu walimwita Bibi wa Magu kwa sababu alitokea huko, na jina lake lingine hakuna aliyejishughulisha kuliuliza. Alifika miaka mingi nyuma na kikapu kimoja, akapewa kijumba cha kando ya shamba la pamba. Wageni hakuwafungulia mlango. Lakini Sabina alimjua tangu usichana, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni haogopwi na mtu.

Walikwenda kwa pikapu ya misheni. Walipofika, Sabina alipiga magoti nje ya mlango, akamwamkia taratibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Halafu ule mlango wa debe ukasogea, Bibi akachungulia kwa yale macho yake mekundu, mekundu kwa sababu ya moshi wa samadi aliyopikia maisha yake yote, kama walivyopikia mama zake na shangazi zake, na ambayo watu waliamua kuyasoma vingine. Alimtambua Sabina. Kisha akamwona Chenge, na uso mzima ukafunguka, akanyoosha mikono miwili ampokee.

Sabina mwenyewe hakujua kilichomshika. Mikono yake iliikaza mbeleko. Akasema mtoto amelala.

Chenge wakati huo alikuwa ametoa kichwa begani, macho makavu kabisa, anatafuna pindo la kanga. Bibi alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akairudisha mikono yake taratibu na kuiweka mapajani kama vyombo vilivyooshwa bila kutumika. Akasema kwa upole, kwa Kisukuma, kwamba ni kawaida, hata wajukuu zake mwenyewe walikuwa wakilala hivyo hivyo wakimwona. Bernadeta hakuitafsiri hiyo. Sabina akatamani ardhi ya pale mlangoni imfunike. Lakini mtoto hakumfungua.

Wakakaa. Mwalimu Paskazia aliuliza polepole, kwa sauti isiyo na haraka, na Bernadeta akapeleka maswali na kurudisha majibu vizuri kweli. Bibi alisema analala na jembe mlangoni. Alisema akisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja, tumbo linamkata, hata kama ni watu wa kwaya. Mwalimu alitikisa kichwa, akauliza ni nani waliomtoa kwake.

Hapo Bibi alinyoosha mgongo. Alieleza kwamba mumewe, Paulo, alianza kuumwa tumbo wakati wa mavuno ya pamba, akafa kabla ya mizani ya kununulia pamba kufungwa. Baada ya msiba, mdogo wa marehemu akaenda kwa mganga. Akarudi na vijana, asubuhi kweupe, watu wakiwa mashambani, wakachoma nyumba yake mbele ya macho yake. Kiberiti alikiwasha mwenyewe huyo shemeji. Alikuwa amekula kwake tangu akiwa mvulana. Hata alipokatwa kidole na mashine ya kuchambulia pamba, yeye ndiye aliyemfunga na kumlisha ugali kwa mkono wake. "Masele," akasema. "Masele mdogo wake Paulo. Siku hizi nasikia yuko mjini, mtu wa kanisa."

Sabina alihisi jasho linamshuka mgongoni, kati yake na mtoto. Mwenye nyumba wake hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kila mtu Mabatini alijua kimebaki kwenye mashine ya pamba huko Magu.

Bernadeta akamgeukia mwalimu wake, akasema: "Anasema walikuja watu asiowajua. Vijana wa kupita. Wakachoma nyumba, hakumtambua hata mmoja."

Mwalimu Paskazia akasema pole, akamshika Bibi mkono. Halafu, kwa heshima tu, kwa kuwa hakutaka Sabina akae pale kama mzigo, akamgeukia. "Mama Chenge, wewe umesikia zaidi ya hayo?"

Sabina aliliona jibu lilivyokaa mdomoni. Aliona pia chumba chake cha uani. Mwaka ule mumewe Ngosha alipopunguzwa kazi pamoja na mamia ya wenzake, kabla hajapata nafasi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya samaki, Mzee Masele hakuwatoa. Aliwaambia wakae, Mungu yupo. Na pale mbele yake alimwona Bernadeta amekaa wima, shingo imekakamaa, hamtazami mtu.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Ni hayo hayo."

Bibi wa Magu Kiswahili alikielewa kidogo tu. Alitabasamu, akidhani maneno yake yamefika salama.

Njiani kurudi, Mwalimu Paskazia alikuwa na furaha ya kazi. Alimweleza Bernadeta kwamba simulizi ile imemfumbua macho: mtu aliyeumizwa na wasiojulikana humwogopa kila mtu, lakini ndugu zake hana ugomvi nao, kwa hiyo dawa yake ni ndugu. Atazungumza na paroko, watafute watu wa ukoo wa marehemu mumewe kule Magu, bibi arudishwe kwao azeeke kati ya watu wake. Siku ya Alhamisi watakwenda tena Usagara kumpa habari hiyo njema na kumwuliza kama ana shemeji aliye hai.

"Umefanya kazi nzuri," akamwambia Bernadeta, na akampiga begani.

Bernadeta alisema asante. Sabina aligeukia upande wa dirisha, akajifanya anamwonyesha Chenge ng'ombe.

Jioni ile Mzee Masele alirudi kutoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa akiwa na mfuko wa maandazi. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa kuku. Sabina akamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika "Marahaba, mama," akamchukua Chenge kutoka kwenye mkeka na kumrusha juu, na mtoto akacheka kama alivyozoea kucheka naye kila siku. Sabina aliutazama ule mkono uliomdaka mwanawe. Mchana alimnyima Bibi mtoto huyu, na sasa Mzee amemwachia bila hata kuombwa. Akaingia ndani, akakaa kitandani, akashindwa hata kuwasha jiko.

Kupitia mlangoni alimsikia Mzee akimwuliza binti yake kama wazee wa Usagara waliongea. Bernadeta akajibu kwamba waliongea, baba. Akaulizwa mbona hali chakula. Akasema amechoka.

Siku mbili hawakusemeshana vizuri, yeye na Bernadeta. Wakikutana uani kila mmoja alikumbuka kazi aliyoiacha mahali. Mama Getruda, ambaye hakuna kilichompita, alimwuliza Sabina wamegombania nini, au na yeye ameandikwa kwenye orodha ya vichaa. Sabina akasema pengine. Safari hii hakucheka mtu.

Asubuhi ya Jumatano Sabina alikuwa akianika mapanki juu ya jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, mifupa ya sangara aliyoletewa na Ngosha kutoka kiwandani, na nzi walikuwa wengi. Bernadeta akapanda jiweni, akakaa chini yake kidogo, mahali ambapo mtu hukaa akiwa na jambo la kuomba. Akaanza kufukuza nzi kwa tawi. Akasema bila kuulizwa kwamba mama mkubwa Nkwimba, mke wa Paulo, ndiye huyo Bibi wa Usagara, alikuwa akimsuka nywele utotoni. Hilo analikumbuka, na harufu ya samli. Alikuwa hajaanza shule. Siku moja aliambiwa mama mkubwa amehamia kwa watoto wake, na hakuuliza tena, maana nyumba ilikuwa imejengwa mpya na kulikuwa na sikukuu.

"Nilimsikia akilitaja jina la baba," akasema, "ulimi ukageuka wenyewe." Akaacha kufukuza nzi. "Hapana. Haukugeuka wenyewe. Niliugeuza."

Sabina akageuza panki moja, akageuza lingine. Akasema hata yeye aliulizwa, na akajibu.

"Wewe uliniokoa mimi."

"Sikukuokoa. Nilikiokoa chumba."

Bernadeta alitazama chini kwenye mabati ya mtaa. Akaeleza kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, kwa sababu aliona kitakachotokea: paroko ataulizia ukoo wa marehemu Paulo, ataambiwa kuna Masele, mzee wa kanisa, mtu safi, na bibi atakuja kukabidhiwa mlangoni hapa, kwa mtu yule yule, kwa makofi na sala. Na yeye mwanasaikolojia ndiye atakuwa amemleta. Kwa hiyo kulipokucha alikwenda misheni anakolala Mwalimu, akamwambia kwamba hakutafsiri kweli. Hakusema amelificha jina la nani. Alisema tu kwamba alidanganya.

Sabina akamwuliza Mwalimu alisemaje. Moyoni alitegemea matusi, au kufukuzwa chuo, ili umbea wa Mama Getruda utimie.

Hakugomba, Bernadeta akasema. Alivua miwani. Kisha akasema kwamba na yeye amekosea, amempenda mwanafunzi wake kuliko kazi, hakumwuliza kama kule Magu ni kwao. Lakini katika nyumba ile Bernadeta hatakuwa mkalimani tena. Akauliza ni nani mwingine aliyekuwepo anayejua Kisukuma.

Sabina aliacha mapanki. Harufu ya samaki ilimpanda puani ghafla, kama ndiyo kwanza anaisikia. Alisema yeye ni wa darasa la saba, Kiswahili chake ni hiki hiki cha bombani, atatetemeka. Kisha akasema lile lililokuwa nyuma ya hayo: "Na Mzee?"

"Baba nitamwambia mwenyewe leo, akirudi. Akikutoeni, nitakuwa nimetoka na mimi."

Hilo halikuwa jibu la kumtuliza mtu mwenye mtoto mdogo, na wote wawili walilijua. Chini, Chenge alikuwa amelala kweli mara hii, kwenye kivuli cha ukuta, mdomo wazi. Bernadeta alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, kisha akaweka tawi chini na kupiga magoti pale juu ya jiwe kavu, msomi wa Mlimani mbele ya mpangaji wa baba yake, mpaka Sabina akaona haya kwa ajili yake na kutaka kumwinua. Alikataa kuinuka.

"Dada Sabina," akasema, "kesho nakuomba utafsiri wewe. Kwanza umwambie mimi ni mtoto wa nani. Kisha umwombe aseme tena, na akifika kwa baba, ulitoe jina lote. Usinitazame mimi, mtazame Mwalimu. Na Bibi akisema nitoke nyumbani kwake, naomba na hilo ulitafsiri."