Mjukuu wangu mwenye jina la mama yangu anataka kurudi kwa baba aliyemfungia na moto

Admin, ficha jina langu lakini usipunguze maneno. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, upande wa Roret. Nimezika wake wawili na ndugu zangu wote. Wale tuliotahiriwa pamoja wamekwisha, nimebaki mimi. Daktari mmoja aliniambia niache chumvi. Huyo daktari tumemzika, na mimi bado natia chumvi. Shule nilionja tu, lakini chai yangu nilipanda na mikono hii, na hakuna mtu hapa kwetu ataniambia shamba lake ni safi kuliko langu. Sijawahi kuomba mtu shauri. Leo naomba.

Kijana wangu wa mwisho amejenga chini ya shamba langu, karibu na mto. Bibi yake alimzalia msichana mmoja. Huyo mtoto alipozaliwa, akina mama walimzunguka wakaita majina ya watu wetu waliokufa, kama desturi yetu, wangojee apige chafya. Wakaita, wakaita, mtoto kimya. Walipoita jina la mama yangu, akapiga chafya. Nilikuwa nje na ng'ombe. Niliposikia vigelegele nikajua mama amerudi. Tangu siku hiyo simwiti mjukuu, namwita mama. Baba yake anamwita kogo, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Hata fimbo siwezi kumwinulia, kwani nani anachapa mama yake?

Kabla huyo mtoto hajaacha kunyonya, mama yake akafa. Kijana wangu akaanza kunywa chang'aa. Nikamwambia lete mtoto kwangu, akakataa, akasema hawezi kulala kwa nyumba tupu.

Siku moja ya kuchuma nilikuwa kituo cha chai, nimeweka majani kwa foleni ya kupima, nikaona jirani yetu Mama Moraa, yule Mkisii aliyenunua shamba hapo juu, anakuja mbio bila viatu.

"Mzee, kuja! Ameungua!"

"Nani ameungua?"

"Mama yako, Mzee! Mama yako!"

Nilikimbia na hii miguu yangu nikapita vijana njiani. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Mama Moraa alikuwa amevunja dirisha na jembe akamtoa. Mtoto alikuwa ameshinda njaa, akawasha moto achemshe chai kama mtu mzima, sufuria ikammwagikia mkono. Na hakuwa analia. Aliketi kwa nyasi ameshika huo mkono mbali na mwili kama ni kitu cha mtu mwingine. Akaniambia, "Babu, nimemwaga maziwa ya baba. Usimwambie."

Nikambeba mgongoni.

Tulimpeleka hospitali Kaplong. Amepona, lakini vidole vitatu vimeshikana. Nyinyi mnaochuma chai mnajua vidole ni nini.

Jioni ile baba yake alikuja ananuka. Nikamuuliza mbele ya watu, "Mtoto ulimwachia nani?"

"Si nilimwachia kogo boma."

"Kogo gani? Huyu wa miaka minne?"

"Huyo huyo, Mzee. Anajua kuwasha moto kuliko mimi."

Mama Moraa akamwambia, "Wewe mwanaume, nyanya gani hajafikia meza?" Watu wakacheka, wakafikiri ni pombe inaongea. Mimi sikucheka. Nilimjua kijana wangu, na nikaona anaamini. Alikuwa amemfanya mtoto nyanya wa kweli. Anamtuma maji. Anamlalia mapajani akilia bibi yake, na mtoto anampapasa kichwa mpaka alale. Jina la mama yangu ndilo alilifanya blanketi.

Nikachukua mtoto. Nikamwambia kijana asivuke ua wangu.

Sasa ni muda umepita. Mtoto anaenda shule, anaandika na mkono wa kushoto. Baba yake anasema ameacha pombe, na watu wa kanisa wanasema ni kweli. Mimi naamini nusu. Kila Jumapili anakuja na kusimama nje ya ua, havuki, anaangalia tu. Mtoto anaacha kucheza, wanaangaliana.

Jumapili iliyopita akaniambia, "Babu, nataka kwenda nyumbani. Baba hajui kupika."

Nikamwambia, "Wewe ni mtoto. Kupika si kazi yako."

Akaniangalia. "Si wewe husema mimi ni mama yako? Basi nasema niende."

Nikaondoka nikaenda kwa ng'ombe. Mimi, mtu wa maneno! Mama yangu alienda kaburini na sijawahi kumkatalia kitu. Nikimkatalia huyu, basi hilo jina lote lilikuwa mchezo wa mzee. Nikimwachilia, nimetuma mtoto mdogo aende alee mwanaume mzima, na hiyo ndiyo ilimchoma mara ya kwanza. Na nikifa kabla sijaamua, ataenda huko huko bila mtu wa kumwangalia. Usiku nasikia anapumua chumba cha pili na sijui ni nani amelala pale.

Nyinyi mko wengi kwa hii page na mmesoma. Niambieni, nimpeleke ama nimkatalie? Matusi wekeni, nimetukanwa na wakubwa kuliko nyinyi.

Na msiseme mzee anatunga. Mama Moraa yuko, dirisha alivunja yeye. Karani wa kituo cha chai yuko, aliniona nikiacha majani yangu chini, kitu sijawahi kufanya. Kama hao hawatoshi, shukeni mpaka mtoni mumuulize kijana wangu mwenyewe. Hatakataa hata neno moja. Halafu atawauliza kama mtoto amekula.