Kila Jumamosi Naweka Viatu vya Mchuchumio Mlangoni Pangu

Admin, nifichie jina. Wanaonifahamu hapa Kansanga ni wengi, na baadhi yao nimewafundisha.

Mimi ni mama wa miaka sabini na tisa, mjane, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ukoo wetu ni wa Waislamu waliokuja Kampala kutoka pwani kufanya biashara enzi za mababu, na kwetu mpaka leo viatu vinavuliwa nje, barazani. Moyo wangu umechoka. Daktari ameniambia, kwa adabu, nisipange mambo ya mbali. Ndiyo maana naandika sasa, wakati mkono bado unanitii.

Maisha yangu yote ya kazi nilivaa viatu vya mchuchumio: vyeusi, vya kufunika vidole, bila kamba wala pambo, kisigino cha vidole vinne. Walimu wenzangu walivaa viatu vya chini na kunicheka. Lakini ndani ya kiatu kile huwezi kulegeza mabega. Mgongo unanyooka wenyewe, na darasa linanyamaza kabla hujafika mlangoni. Mitindo imekuja na kupita, chenyewe kipo vilevile. Binti yangu wa pekee alikulia kwenye mlio wa visigino hivyo, na alipoanza kazi ofisini akanunua vyake vya namna hiyohiyo.

Miaka kumi na tisa iliyopita aliniambia anaolewa na mwanajeshi, mtu wa kaskazini, Mkristo. Sikupiga kelele. Nilimwambia kwa sauti yangu ya darasani: "Ukitoka kwa ajili ya huyo, usije ukavua viatu barazani kwangu tena." Akatoka. Viatu vya aina ile ni kutumbukiza mguu tu. Vingekuwa na kamba angeinama kuzifunga, nami pengine ningepata muda wa kuyarudisha maneno yangu. Nilisikia visigino mpaka getini, kisha mlio ukakatika. Aliniandikia barua mbili, sikujibu. Baba yake alikuwa ameshafariki, na sikumruhusu mtu mwingine atupatanishe.

Miaka mitatu iliyopita wanawake wa msikitini walianza kuniuliza kama kweli sina hata mtoto mmoja wa kunitazama. Huruma yao iliniuma kuliko upweke wenyewe. Nikasema ninaye, huja Jumamosi. Sasa ikabidi aje. Nikaenda soko la Owino, wakati huo bado naweza kutembea, nikachagua jozi nyeusi. Muuza viatu aliitazama miguu yangu iliyovimba, akacheka, akaniita Jjajja, yaani bibi. "Jjajja, hii itakuvunja kiuno. Chukua sapatu." Nikamwambia ni vya binti yangu, namba thelathini na tisa. Akasema nimlete avijaribu. Nikamjibu ana kazi nyingi.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi naviweka barazani. Ningeweka sapatu, watu wangesema ni jirani kaja kuomba chumvi. Mchuchumio mweusi uliopanguswa vumbi unasema ndani mna mwanamke mwenye kazi yake, amemjia mama yake kwa heshima. Nafungua redio kwa sauti ndogo, ionekane tunazungumza. Namimina chai vikombe viwili. Jioni navirudisha ndani, na chai ya kikombe cha pili naimwaga.

Nilifanikiwa mno. Watu waliona viatu wakasema tusimsumbue, yuko na mwanawe. Waliokuwa wakinipigia hodi Jumamosi waliacha, na siku nyingine pia wakaacha, maana nina mtu wangu. Mama mmoja huwasema watoto wake kwa kuwatajia binti yangu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mke wa askari polisi, mwanamke kijana mwenye moyo mwema, naye pia mtu wa kaskazini kama mkwe niliyemkataa. Alihamia mwaka jana. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, aliniletea uji, akaniambia kama habari ndogo tu.

"Jjajja, jana mama moja alikuja kukuona. Alisimama hapo, anaangalia viatu tu. Mimi nikamwambia, Jjajja iko na binti yake."

Nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mrefu, akasema, na kovu hapa kidevuni. Kovu hilo nalijua. Alilipata akiwa na miaka minne, alipoanguka ngazini amevaa viatu vyangu.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama huyo binti anakuangalia vizuri. Nikamwambia vizuri sana, kila Jumamosi anakuja. Akasema basi, hataki kusumbua. Akaniachia namba, ati siku Jjajja akizidiwa nimpigie."

Nikamshukuru kwa uji. Nikamwambia huyo ni mwanafunzi wangu wa zamani. Hata hapo, wanangu, nilidanganya.

Namba ya mwanangu iko kwenye simu ya jirani, ng'ambo ya ukuta. Namsikia akiosha vyombo. Nikiiomba itanibidi niseme kwamba yule wa Jumamosi hayupo, na kwamba yule mgeni aliyemrudisha ndiye binti yangu hasa. Kijana wa watu atajilaumu bure. Msikiti mzima utajua kwamba mwalimu aliyewachapa watoto wao kwa kusema uongo naye ni mwongo. Na mwanangu atajua kwamba mama yake aliona rahisi kununua viatu kuliko kujibu barua.

Nishaurini, nyinyi mnaosoma. Nimwite jirani leo? Nikimwita, neno la kwanza liwe lipi? Msikawie kunijibu. Nikinyamaza, mwanangu atapigiwa simu siku nimeshakata kauli. Atakuja msibani, na atawauliza watu ni yupi yule binti aliyekuwa ananitunza, apate kumshukuru.